Masikio ya Kuazima

Picha ya mtu si uongo. Mtoto ajua kuwa baba yake aliye ukutani hatashuka kumpa mkono. Na kwa sababu ajua hivyo, picha haimdanganyi, humkumbusha tu. Uongo huanza siku ile mwenye picha anapodai kuwa aliye ukutani na aliye safarini ni mmoja, na kuwa hapana haja tena ya kumngojea msafiri. Kwa zaidi ya karne moja ukumbi wa muziki umetendewa uongo wa namna hiyo.

Wauzaji wa mashine za sauti hunena kuwa mtu akikaa mbele ya vipaza sauti vyao viwili, au akivaa visikizi vyao, yaani vipokezi vile vifunikavyo masikio, huwa ameketishwa katika kiti bora cha ukumbi wa Vienna au wa Boston. Hawasemi kuwa ameletewa habari za ukumbi; wasema ameletewa ukumbi wenyewe. Dai hili limerudiwa mara nyingi hata wasomi wamelizoea, na jambo lililozoewa huponyoka hukumu. Yapasa lihukumiwe. Kinachoshitakiwa si ufundi wa kunasa sauti, ambao ni moja katika fahari za akili ya mwanadamu. Kinachoshitakiwa ni dai.

Tena dai lenyewe ni kongwe. Mwaka wa 1881, katika Maonyesho ya Umeme ya Paris, Clément Ader alitega vyombo vya simu mbele ya jukwaa la Opera, akavuta nyaya mpaka katika jengo la maonyesho, na watu wakasikiliza kwa vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio. Walistaajabu kuweza kumfuata mwimbaji akivuka jukwaa kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kuanzia mwaka wa 1915 mpaka 1925 kampuni ya Edison iliwazungusha waimbaji na santuri katika miji ya Marekani, ikawauliza watu waliokusanyika kama waliweza kutambua mahali mwimbaji alipokoma na santuri ilipoendelea. Sifa zikaenea kuwa hapana aliyeweza. Leo mtu akizisikiliza santuri zile, zilizonaswa kwa pembe bila ya umeme, hutambua mara moja mkwaruzo wake na wembamba wa sauti zake. Je, masikio ya watu wa wakati ule yalikuwa mabovu? La. Waimbaji walizipunguza sauti zao zifanane na mashine, na wasikilizaji walikuja wakiwa wamekwisha kuambiwa watakachosikia.

Halafu, tarehe 27 Aprili 1933, wahandisi wa maabara ya Bell waliipitisha sauti ya okestra ya Philadelphia katika nyaya za simu, kwa njia tatu, mpaka Washington, ambako watu walikaa ukumbini kuusikiliza muziki wa okestra isiyokuwapo. Lilikuwa jambo kubwa kweli, na tangu hapo mengine makubwa yamefanyika. Lakini kila kizazi kimeapa kuwa kimefika, na kila kizazi kilichofuata kimecheka kiapo cha wazee wake huku kikiapa chake. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Dai lililothibitishwa mara kumi kwa mashine kumi, na kila mashine ikawa dhaifu kuliko ile iliyoifuata, ni dai ambalo halikuthibitishwa hata mara moja.

Ili ijulikane kama ukumbi umeletwa, kwanza ijulikane ukumbi ni nini. Mwaka wa 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na chumba cha mihadhara ambamo mhadhiri hakusikilizana na wanafunzi wake, kwa kuwa sauti moja ilidumu hewani kwa sekunde 5 na zaidi, na maneno yakakanyagana. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, alipewa kazi ya kukitibu. Usiku, mji ulipotulia, yeye na wasaidizi wake walichukua mito ya viti kutoka katika ukumbi wa jirani, wakaitandika chumbani, wakalipuliza bomba la kinanda, wakapima muda wa sauti kufa. Mwaka wa 1898 akaipata kanuni: muda wa mvumo hutegemea ukubwa wa chumba na wingi wa vitu vinywavyo sauti. Kanuni hiyo ilitumika katika kujenga Symphony Hall ya Boston, ukumbi uliofunguliwa mwaka wa 1900 na ambao mpaka leo huhesabiwa miongoni mwa kumbi bora za dunia.

Lakini mvumo ni umri wa sauti, si nasaba yake. Mtu aweza kuujua umri wa mgeni asijue atokako. Jambo hili lilidhihirika kwa hasara kubwa huko New York. Mhandisi mashuhuri Leo Beranek alizichunguza kumbi 54, akavikusanya vipimo vyake, akatoa ushauri wa kujenga Philharmonic Hall. Ukumbi ulifunguliwa mwezi wa Septemba 1962, nao, ijapokuwa mchoro wake ulikuwa umebadilishwa njiani, ulitarajiwa kuwa ushindi wa elimu. Ulikuwa fedheha. Sauti nene zilikuwa hafifu, na wapigaji walilalamika kuwa hawasikilizani. Ukarekebishwa na kurekebishwa tena. Mwaka wa 1976 ndani yake palibomolewa pakajengwa upya. Na matengenezo mengine makubwa yalimalizika mwaka wa 2022. Wenye fedha, wenye elimu na wenye nia njema, wakiwa na saruji na mbao halisi mikononi mwao, hawakuweza kuufanya ukumbi kwa hesabu walizokuwa nazo. Na muuza visikizi adai kuwa ameufanya kwa waya na sifongo!

Kilichokuwa kimepungua katika hesabu kilianza kujulikana baadaye. Mwaka wa 1967 Harold Marshall wa New Zealand alieleza umuhimu wa sauti zinazorudishwa na kuta za ubavuni, na mwaka wa 1971 Michael Barron akaonyesha kwa majaribio kuwa sauti hizo za ubavuni ndizo zimpazo msikilizaji hisia ya kuzungukwa na muziki. Ndiyo sababu ukumbi mwembamba kama ule wa Musikverein wa Vienna, uliofunguliwa mwaka wa 1870 na ambao upana wake haufiki meta 20, humkumbatia msikilizaji, hali kumbi nyingi pana humwacha akiutazama muziki kwa mbali kama mtu aliye nje ya uzio. Ukumbi, basi, si mvumo uliomwagwa juu ya muziki kama mchuzi juu ya wali. Ukumbi ni mpango wa pande: sauti hii itoke mbele, jibu lake la kwanza litoke kushoto, la pili kulia, kila moja kwa wakati wake na kwa nguvu zake. Atakaye kuuleta ukumbi hana budi kuzileta pande zake.

Vitazamwe sasa vipaza sauti viwili. Vyote viwili viko mbele. Kila kilichokuwa ubavuni, juu au nyuma ya msikilizaji hulazimishwa kutoka mbele, mfano wa mtu atakaye kuipitisha nyumba nzima katika dirisha lake. Tena kipaza sauti cha kulia hakilitumikii sikio la kulia peke yake. Sauti yake huzunguka uso na kuliingia sikio la kushoto pia, na cha kushoto hufanya vivyo hivyo, ikawa kila sikio limeonjeshwa chakula cha mwenziwe. Kisha kuna chumba chenyewe. Sauti husafiri kama meta 340 kwa sekunde. Katika ukumbi mzuri jibu la kwanza la ukuta aghalabu humfikia msikilizaji baada ya sehemu 12 mpaka 25 za elfu ya sekunde. Katika sebule ndogo ukuta hujibu baada ya sehemu chache tu. Sikio haliwezi kuzihesabu sehemu hizo, lakini lajua maana yake. Laambiwa na santuri kuwa liko Vienna, laambiwa na kuta kuwa liko sebuleni. Na baina ya mashahidi hao wawili, ukuta ndio uliopo.

Mwenye kutetea visikizi hupata nguvu hapa. Husema: maadamu chumba ndicho kiharibifu, kiondolewe, sauti itiwe masikioni moja kwa moja, kila sikio lipewe haki yake. Hoja hii ni nzuri, na ndiyo sababu hudanganya zaidi. Maana sikio si tundu. Kabla sauti haijaingia tunduni, hupita juu ya mabega, huzunguka kichwa, hujikunja katika mikunjo ya ndewe na sikio lote la nje. Ikitoka ubavuni, hulifikia sikio moja kabla ya jingine kwa muda usiozidi sana sehemu 7 kwa 10,000 za sekunde, na kwa tofauti hiyo ndogo akili hutambua kulia na kushoto. Mikunjo ya sikio nayo huikata na kuikuza sauti kwa namna ambayo akili imejifunza tangu utotoni, na kwa hiyo hutambua mbele na nyuma, juu na chini. Kila mtu ana mikunjo yake kama alivyo na alama za vidole vyake.

Sasa, masikio yatumiwayo kuuleta ukumbi ni ya nani? Mwaka wa 1972 ilitengenezwa Marekani sanamu ya kichwa na kiwiliwili iitwayo KEMAR, kwa vipimo vya wastani vya watu wazima, ikiwa na maikrofoni ndani ya masikio. Mwaka wa 1994 watafiti wa chuo cha MIT waliipima sanamu hiyo kwa sauti zilizotoka katika mahali 710 pa kuizunguka, wakayatoa matokeo kwa yeyote atakaye kuyatumia. Ilikuwa kazi ya ukarimu, na elimu imefaidika nayo. Lakini mtu wa wastani hakuzaliwa na mama yeyote. Msikilizaji anayepewa sauti zilizopita katika masikio ya sanamu hupewa masikio ya kuazima, na wahenga walikwisha kusema kuwa nguo ya kuazima haisitiri. Aghalabu okestra iliyokuwa mbele humjia kutoka nyuma; na mara nyingine haiji kutoka popote, bali hukaa katikati ya fuvu lake, wapiga fidla kati ya sikio na sikio. Je, hicho ndicho kiti bora cha Vienna?

Tena kuna shingo. Mwaka wa 1940 Hans Wallach alieleza jinsi kichwa kinavyosaidia kusikia kwa kugeuka. Mtu asiyejua sauti yatoka wapi hugeuka kidogo, na kugeuka huko humpa jibu. Akivaa visikizi vya kawaida, akigeuka, ukumbi mzima hugeuka pamoja naye kama kofia. Hapana ukumbi duniani ufanyao hivyo. Itajibiwa kuwa siku hizi viko visikizi vinavyoufuata mwendo wa kichwa, na okestra hubaki mahali pake hata mtu akigeuka. Ni kweli, na ni hatua njema. Lakini jibu hilo ni ushahidi dhidi ya mwenye kulitoa. Ikiwa leo kugeuka kwa kichwa ni jambo la lazima, basi walioapa kabla yake kuwa ukumbi umefika waliapa kwa kitu kilichopungukiwa na jambo la lazima. Na ikiwa masikio bado ni ya kuazima, waapao leo wako katika hali ile ile.

Insafu yataka hoja iliyo bora ya upande wa pili itajwe, wala si ile iliyo dhaifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Manfred Schroeder na Bishnu Atal, wa maabara ya Bell, walibuni njia ya kuifuta ile sauti ya kipaza sauti kimoja iliingiliayo sikio lisilo lake. Mwaka wa 1974 Schroeder na wenzake wa Göttingen wakatangaza matokeo ya kazi kubwa. Simfonia ya Mozart iitwayo Jupiter, iliyonaswa katika chumba kisicho na mwangwi, ilipigwa kwa vipaza sauti juu ya majukwaa ya kumbi za Ulaya zaidi ya 20, ikanaswa kwa kichwa cha bandia katika viti, kisha ikasikilizwa Göttingen kwa njia ile ya kufuta. Msikilizaji aliweza kuhama kutoka ukumbi hata ukumbi kwa dakika moja, jambo ambalo hapana gari wala ndege iwezayo kumfanyia, akasema apendacho. Ikaonekana kuwa watu walipendelea kumbi ambamo masikio mawili hupata sauti zisizofanana sana. Na hilo ni jambo moja na yale ya kuta za ubavuni.

Kadhalika kuna habari ya Venice. Nyumba ya opera ya La Fenice iliteketea kwa moto tarehe 29 Januari 1996. Muda mfupi kabla ya hapo watafiti wa Kiitalia walikuwa wameinasa sauti yake kwa masikio ya bandia. Nyumba ilifunguliwa tena mwaka wa 2003, lakini jinsi ile ya zamani ilivyokuwa ikijibu sauti imebaki katika vipimo vile, mithili ya sauti ya marehemu iliyohifadhiwa na wanawe. Nani atathubutu kuudharau ufundi wenye matunda kama haya?

Hapana. Lakini yaangaliwe masharti yake. Huko Göttingen msikilizaji alikaa katika chumba kisicho na mwangwi, mahali pamoja, kichwa kikiwa kimetulia, naye alijua kuwa analinganisha picha na picha. Huko Venice watafiti walisema ni kiti kipi na ni sauti ipi ya kupimia. Mwanachuoni hutaja masharti kwanza, ndipo akataja matokeo. Mwuzaji huyachukua matokeo, akayaacha masharti mlangoni. Tofauti kati ya elimu na hadaa mara nyingi haimo katika mashine, maana mashine yaweza kuwa moja. Imo katika lile lisilosemwa.

Lisilosemwa lina madhara yake. Tangu miaka ya 1980 mashine za nyumbani zimekuwa na vifungo vilivyoandikwa majina ya kumbi, na siku hizi programu za kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo. Kibonyezwe kifungo, na muziki hupata mvumo. Lakini muziki wa okestra ulinaswa ukumbini, na mvumo wake umo ndani yake tayari. Kuuongezea ukumbi wa pili ni kumvika mtu kanzu juu ya kanzu, kisha kusifu umbo lake. Na muziki ambao haukukusudiwa ukumbi wa namna hiyo huumia zaidi. Taarabu ya Unguja, iliyolelewa na vyama kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka wa 1905, husimama juu ya shairi. Mtu asiposikia vina na mafumbo hakusikia taarabu. Mvumo wa sekunde 2, ulio pambo kwa okestra ya Ulaya, waweza kuyafunika maneno ya mwimbaji jinsi maneno yalivyofunikwa katika chumba kile cha Harvard. Kifungo hakijui hayo. Kinajua jina la ukumbi, wala hakijui kazi yake.

Anayeumizwa zaidi ni yule aliye mbali. Mkazi wa Vienna akiambiwa kuwa ukumbi wake umo katika visikizi, aweza kutembea jioni akahakikisha. Mwanafunzi wa Makerere, wa Nairobi au wa Dar es Salaam hana jioni hiyo. Kwake yeye picha ndiyo baba, kwa kuwa hakumwona baba mwenyewe. Akifundishwa kuwa alichosikia ni ukumbi, atazihukumu kumbi kwa kipimo cha visikizi. Na siku atakapoitwa, akiwa mhandisi au mshauri wa serikali, kusema kama mji wake wahitaji mahali pazuri pa muziki, atajibu kwa moyo mweupe kuwa hapana haja, maana kila mtu anao ukumbi mfukoni. Hivyo ndivyo uongo mdogo wa dukani unavyoweza kuzuia jengo kubwa la mji.

Na katika hesabu za Sabine mna jambo ambalo matangazo hayalitaji. Watu nao hunywa sauti. Alipohesabu vitu vya chumbani, aliwahesabu wasikilizaji pamoja na mito na mazulia, na ukumbi uliojaa huvuma kwa muda mfupi kuliko ukumbi mtupu. Maana yake ni kuwa kila aliyeketi ukumbini ameibadili kidogo sauti aisikiayo jirani yake. Hakuja kupokea tu. Mwili wake umekuwa sehemu ya chombo. Wanapokutana watu 2,000 na zaidi katika Symphony Hall ya Boston, wao wenyewe ni theluthi ya tatu ya ukumbi, pamoja na kuta na hewa. Avaaye visikizi husikia sauti iliyorekebishwa na wengine, wala yeye harekebishi ya mtu. Ukumbi wake hauna jirani. Waweza kuwa mzuri, lakini si ukumbi, kama vile barua ya harusi isivyo harusi.

Kitakiwacho si kuvunja mashine wala kuzisusa. Kitakiwacho ni maneno matatu ya kweli juu ya kila sauti iuzwayo kwa jina la ukumbi. La kwanza: ukumbi huu ulipimwa, au ulibuniwa na fundi? La pili: ulisikilizwa kutoka kiti kipi, na kwa masikio ya nani? La tatu: msikilizaji afanye nini ili picha hii isiharibike, akae wapi, katika chumba gani? Mwenye kuyajibu maneno hayo ameonyesha picha, na picha yake ipokewe kwa shukrani. Mwenye kuyakwepa atembeze bidhaa yake kwingine, asije nayo mahali pa elimu. Maana kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na mwalimu wa muziki awape wanafunzi wake visikizi, kwa kuwa hana njia nyingine ya kuwafikisha mbali. Lakini kabla ya kuwapa, awapeleke kwanza katika chumba chochote kilicho karibu, darasa tupu au msikiti au kanisa au bwalo, apige kofi moja, anyamaze, awaache wasikilize kuta zikijibu kwa masikio yao wenyewe. Atakayekuwa amelisikia kofi lile hataweza tena kuuziwa kivuli kwa bei ya mti.